Hulka za Watu na Mawasiliano Kazini: Tarime na Serengeti

Mtu mmoja akikabidhiwa kazi huuliza inatakiwa lini. Mwingine huuliza atafanya na nani. Wa tatu huuliza utaratibu ukoje na umeandikwa wapi. Wa nne haulizi kitu. Huitikia, hutazama wenzake wanaelekea wapi, kisha hufuata. Wote wanne wanaweza kuwa na vyeti sawa na mshahara sawa, na wote wanaweza kuwa wachapakazi. Lakini wakiwekwa pamoja bila kuelewana namna zao, mwezi hauishi kabla wa kwanza hajaitwa mkoloni, wa pili mpiga soga, wa tatu msumbufu na wa nne goigoi. Hulka ni zile namna za kudumu za kuamua, kusema, kunyamaza na kupokea maneno ambazo mtu huingia nazo kazini bila kufundishwa na mwajiri. Kuzijua hakumbadilishi mtu, ila humpa mwenzake njia ya kumfikishia neno likafika.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinafaa sana kwa somo hili kwa sababu sehemu zao za kazi zimekusanya watu wa kila namna. Nyamongo kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 chini ya Afrika Mashariki Gold Mines, ukapita kwa Placer Dome, Barrick na Acacia, kisha ukarudi Barrick mwaka 2019 katika mpango uliozaa kampuni ya Twiga na kuipa Serikali ya Tanzania hisa za asilimia 16. Kila mwenye mali mpya huja na fomu zake, mafunzo yake na msamiati wake wa usimamizi. Waendesha mitambo ni walewale. Sirari kuna forodha na biashara ya mpakani. Upande wa Serengeti kuna hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1951, mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliyotangazwa 1994, kambi za watalii, na mji wa Mugumu wenye ofisi za wilaya na Hospitali Teule ya Nyerere. Humo wamo Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye, Wajita, Waluo na Wasukuma, na juu yao wamo walimu, wauguzi, wahasibu na wahandisi waliopangiwa kazi kutoka Tanga, Mbeya, Kagera na kwingineko.

Makundi manne yalikotoka

Kugawa watu makundi manne ni jambo la kale. Waganga wa Ugiriki waliamini mwili una majimaji manne, na kwamba yale yanayozidi ndiyo yanayoamua mtu awe mchangamfu, mkali, mwenye huzuni au mzito. Galen, tabibu wa karne ya 2, aliipa imani hiyo umbo lililodumu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Habari ya majimaji ilikufa, makundi yakabaki. Mwaka 1921 Carl Jung wa Uswisi alichapisha kitabu kuhusu aina za nafsi, na Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, wakajenga juu yake dodoso linalowagawa watu katika aina 16. Mwaka 1928 Mmarekani mwingine, William Moulton Marston, alieleza mienendo minne ya hisia ambayo wengine baadaye waliigeuza kuwa kipimo kinachojulikana kwa herufi DISC. Mwaka 1981 David Merrill na Roger Reid walitoa mgawanyo ambao kwa kazi za kila siku ndio rahisi kuliko yote. Wao hutazama mambo mawili tu: mtu husema kwa kusisitiza au kwa kuuliza, na huonyesha hisia zake au huzifunga.

Watanzania wengi hawakukutana na makundi haya ofisini. Walikutana nayo kanisani, kwenye semina za ndoa na za vijana, kwa majina ya sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki, majina yaliyoenezwa sana na vitabu vya mchungaji wa Kimarekani Tim LaHaye kuanzia 1966. Ndiyo maana mkuu wa idara anaweza kuujua undani wa hulka ya mkewe na asifikirie hata siku moja kuitumia elimu hiyohiyo kwa karani wake.

Majina hayana uzito mkubwa. Hapa makundi hayo yanaitwa msukuma kazi, mchangamfu, mtulivu na mchunguzi. Watu halisi huwa na mchanganyiko, na mtu yuleyule anaweza kuwa mchunguzi mbele ya hesabu na mchangamfu mbele ya wageni.

Msukuma kazi hupatikana kwa urahisi mahali penye redio na saa. Kwenye shimo la mgodi, ambako lori likisimama kila mtu anajua limesimama, yeye hustawi. Anataka jibu kwanza na maelezo baadaye, na maelezo yakitangulia huhesabu kuwa anazungushwa. Anayemletea tatizo hufanya vyema kuanza na kile anachopendekeza kifanyike, kisha asubiri aulizwe sababu. Udhaifu wake ni kwamba swali huliona kama upinzani, na timu ikishalijua hilo huacha kumuuliza. Huenda akapita mwaka mzima akidhani mambo ni shwari kwa kuwa hakuna anayelalamika.

Mchangamfu ni tegemeo la kambi za watalii. Ndiye anayekumbuka jina la mgeni na kuondoa ubaridi mezani. Hufikiri kwa kusema. Kwa hiyo alichokisema kikaoni mara nyingi ni wazo linalopita, na wenzake wakilichukua kama uamuzi watajikuta wamehamisha mahema bure. Dawa yake ni fupi: mwisho wa mazungumzo, mtu mmoja aandike kilichokubaliwa na akisome kwa sauti.

Mtulivu anahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. Hapendi mgongano, hulinda uhusiano, na neno lake kubwa ni "sawa". Chukua kambi moja upande wa Ikoma. Msimamizi anapita jikoni jioni na kusema, "Kesho wageni wanaondoka saa kumi na moja alfajiri, sawa?" Mpishi anajibu, "Sawa." Anajua mtungi wa gesi uliobaki ni mwepesi, na anajua pia kwamba wiki iliyopita mwenzake aliposema jambo kama hilo aliulizwa mbele ya watu kwa nini hakusema mapema. Alfajiri chai haipo. Msimamizi anamwita mzembe. Mpishi anaona ameonewa, maana kwake "sawa" ilikuwa heshima, haikuwa ahadi kwamba gesi itatosha. Swali lingeulizwa kwa namna nyingine, "Ili chai iwe mezani saa kumi na nusu, kitu gani kinapungua hapa jikoni?", lisingejibika kwa "sawa". Mpishi angelazimika kutaja kitu, na kutaja kumeruhusiwa na swali lenyewe, hivyo haonekani mlalamishi. Msimamizi anayejifunza kuuliza maswali yasiyo na jibu la ndiyo amekwisha kutatua nusu ya matatizo yake na watulivu.

Hospitalini jambo hilo lina gharama kubwa zaidi ya chai. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali za Marekani. Ilitarajiwa kwamba wodi zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache kwenye rekodi. Ikawa kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoandikwa. Maelezo yaliyopatikana ni kwamba katika wodi hizo wauguzi hawakuogopa kusema, na katika zile nyingine makosa yalifichwa. Muuguzi mtulivu akiwa chini ya mganga mfawidhi mkali hatatoa taarifa ya kosa. Atalirekebisha kimya kimya akiweza, na asipoweza atanyamaza. Ukimya wa wodi kwa hiyo hausemi lolote kuhusu ubora wa huduma.

Mchunguzi ndiye mhasibu wa halmashauri anayerudisha hati ya malipo kwa sababu risiti haina tarehe, na ndiye askari wa hifadhi ambaye baada ya doria huandika mtego wa waya ulikutwa wapi, saa ngapi na karibu na mto upi, wakati wenzake wameshavua viatu. Kasi yake ni ndogo na ujumbe wake ni mrefu. Msukuma kazi akiupokea husoma mstari wa kwanza na wa mwisho, na kama jambo lenyewe limewekwa katikati, limepotea. Wawili hawa ndio wanaogombana zaidi kazini, na wote wawili hudai wanatetea kazi. Mapatano yao yako kwenye mpangilio tu: mchunguzi aweke hitimisho juu na ushahidi chini, na msukuma kazi akubali kwamba yapo maeneo ambayo swali la mchunguzi halipitwi hata muda ukiwa umekwisha. Mgodini maeneo hayo yanajulikana: baruti, umeme, miamba ya juu, na breki za magari makubwa.

Vipimo na mipaka yake

Vipimo vya hulka vinauzwa kwa kujiamini kuliko vinavyostahili. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 huko Marekani maelezo ya hulka, akamwambia kila mmoja kwamba yameandikwa kwa ajili yake. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Maelezo yalikuwa yaleyale kwa wote, na Forer aliyakusanya kutoka kitabu cha unajimu. Mtu yeyote aliyetoka semina akisema "wamenisema mimi kabisa" anapaswa kuukumbuka mtihani huo. Dodoso la Briggs na Myers nalo lina tatizo lake: watu wengi wakilirudia baada ya wiki chache hujikuta katika aina nyingine, jambo la ajabu kwa kitu kinachodaiwa kuwa cha kudumu.

Wanasaikolojia wengi siku hizi huacha makundi na kutumia vipimo vitano vya kiwango: uwazi kwa mambo mapya, umakini wa kazi, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kupata wasiwasi. Hapa kila mtu ana kiasi chake cha kila kimoja, na hakuna anayewekwa kwenye boksi. Vina ushahidi mzuri zaidi, lakini navyo vilitengenezwa Ulaya na Marekani. Rachid Laajaj na Karen Macours walivijaribu kwa wakulima wa Siaya, magharibi mwa Kenya, ng'ambo ya ziwa ukitazama kutoka Mara. Maswali ya hulka yalitoa majibu dhaifu, na sababu mojawapo ilikuwa tabia ya wahojiwa kukubali kila sentensi wanayosomewa, hata mbili zinazopingana. Mwaka 2019 Laajaj na wenzake wakachapisha uchambuzi wa takwimu kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, ukafika kwenye shaka ileile kuhusu hojaji zinazofanywa ana kwa ana. Mgeni mwenye karatasi ameuliza. Adabu inataka akubaliwe. Fomu inayojazwa Nyamwaga wilayani Tarime au Mugumu mbele ya ofisa rasilimali watu itapata ugonjwa huohuo.

Kinachobaki baada ya kuondoa madai makubwa ni msaada mdogo lakini wa kweli. Makundi manne ni njia ya kukumbuka kwamba mwenzako huenda anataka kuambiwa mambo kwa mpangilio tofauti na ule unaoupenda wewe. Kwa matumizi hayo hayahitaji fomu, cheti wala mkufunzi kutoka Dar es Salaam.

Ukali wa sauti na ukali wa mtu

Katika masimulizi ya Tanzania nzima mtu wa Tarime ni mkali, hasemi pembeni, na kazi yake ni jeshi. Msingi wa kihistoria upo: Wakurya waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru waliendelea kuonekana katika majeshi. Lakini masimulizi hayo yanapoingia kazini yanageuka kuwa kipimo cha hulka kisicho na hata swali moja. Kijana anaitwa "mura", anapangwa kwenye ulinzi, na hakuna anayetazama kama ni mtu wa takwimu.

Sehemu kubwa ya kinachoitwa ukali ni desturi ya kusema. Kiswahili cha nyumbani Tarime hakina haja ya kuzungushia ombi maneno mengi. "Lete chai" ni sentensi kamili, na anayeletewa hakumtukana mtu. Muuguzi aliyekulia Tanga, ambako ombi huvikwa "samahani" na "naomba" na salamu isiyopungua maneno manne, anafika kituo cha afya cha Tarime na kusikia ndugu wa mgonjwa akimwambia kutoka mlangoni, "Wewe, njoo umwone huyu." Anaona ameamrishwa. Anajibu kwa adabu ya kwao, "Tutaangalia." Ndugu naye anaona amefukuzwa kwa ujanja, kwa kuwa kwake mtu mkweli husema "nakuja" au "siji". Hapo hakuna mkali wala mnafiki. Pana desturi mbili, na hakuna kipimo cha hulka kitakachozionyesha.

Kanuni inayosaidia ni kumlinganisha mtu na watu wa kwao kabla ya kumlinganisha na wengine. Fundi wa Kikurya ambaye wenzake wa nyumbani wanamwona mkimya ni mtulivu, hata kama sauti yake inazidi ya mhandisi kutoka Kilimanjaro. Mhudumu wa Kiikoma anayeongea kwa upole mbele ya mzungu anaweza kuwa msukuma kazi wa kutisha jikoni. Anayesimamia watu wa makabila mengi bila kufanya ulinganisho huo atajaza kundi la wasukuma kazi kwa Wakurya na kundi la watulivu kwa watu wa pwani, kisha atashangaa mbona timu haibadiliki.

Jambo lisilotajwa katika vitabu vya menejimenti ni kwamba Wakurya wenyewe wana mpangilio wa zamani wa kuongoza mazungumzo, na unastahili kujulikana. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel aliueleza katika miaka ya 1960. Kila mtu huzaliwa ndani ya kizazi, irikora, na vizazi ni vinane katika mizunguko miwili ya vinne. Katika mzunguko mmoja wamo Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina. Katika wa pili Mairabe, Gini, Nyangi na Chuma. Mtoto wa Saai ni Nyambureti, mtoto wake ni Gamunyere, na kadhalika mpaka mzunguko urudi mwanzo. Kati ya vizazi vinavyofuatana, yaani vya baba na mwana, kuna heshima, kujizuia na maneno ya kuchagua. Kati ya kizazi na kile kinachorukwa, cha babu na mjukuu, kuna uhuru na utani. Umri wa miaka hauamui. Kijana anaweza kuwa katika kizazi cha "baba" kwa mtu aliyemzidi umri.

Maana yake kikazi ni kubwa. Mtu yuleyule, mchana uleule, anaweza kuwa mzungumzaji huru kwa mwenzake wa zamu na bubu kwa mwingine mwenye cheo kilekile, na mkufunzi wa hulka akimwona katika hali moja tu atamwandika vibaya. Namna ya kusema inatoka ndani ya mtu kwa sehemu, na kwa sehemu inatoka katika uhusiano wake na anayesikiliza. Msimamizi mgeni hahitaji kuwauliza watu vizazi vyao, na pengine asiwaulize, lakini akiona wafanyakazi wawili wazuri hawarushiani maneno hata kidogo, asikimbilie kusema hawapatani. Kupeleka ujumbe kwa mtu wa tatu anayeruhusiwa utani na wote wawili ni njia iliyotumika vijijini muda mrefu, na kazini inafanya kazi vilevile.

Desturi hiyohiyo ilitenga pia mahali pa kusemea. Kulikuwa na iritongo, mkutano wa wazi ambako mambo ya jamii yalisemwa kwa sauti mbele ya wote, na kulikuwa na inchama, baraza dogo la wazee lililokaa faraghani. Ofisi nyingi za kisasa zimebaki na mkutano wa wazi peke yake. Wasukuma kazi na wachangamfu hupata nafasi hapo, kwa sababu wanapenda kusema papo kwa papo. Watulivu na wachunguzi hutoka na mawazo yao mfukoni, wakayatoe njiani wakati uamuzi umeshapita. Mkuu wa idara anayewapigia wawili watatu siku moja kabla na kuwaambia, "Kesho tutazungumza ratiba ya doria, nataka nisikie unavyoona," amewapa nafasi ya kufikiri. Kikao kitakuwa kifupi zaidi, na uamuzi hautahitaji kurekebishwa Jumatatu.

Wanawake wanahitaji kutajwa peke yao. Mikutano ya wazi ya zamani ilikuwa ya wanaume, na hali hiyo bado inaingia vikaoni bila kualikwa. Karani wa kike asiyefungua mdomo mbele ya wazee wa kijiji haonyeshi hulka yake. Anaonyesha anachokijua kuhusu chumba alichomo. Ukimsikia kwenye chumba cha wauguzi au kwenye kikoba chao Jumamosi, akipanga mikopo na kumkatiza anayechelewesha marejesho, ndipo utajua kama ni mtulivu au msukuma kazi.

Kuipanga kazi

Mahali pa kuanzia ni kikao cha kabla ya zamu. Mgodini na kwenye doria kipo tayari, dakika chache za usalama na mgawo wa kazi, na kwa kawaida hutekwa na mtu mmoja anayesema na wengine wanaoitikia. Mabadiliko mawili yanatosha. La kwanza ni kuzunguka: kila mmoja ataje jambo moja linaloweza kuharibika leo, na mwenye cheo kikubwa aseme mwisho, kwa kuwa akisema mwanzo wengine wote watakubaliana naye. La pili ni kurudia agizo. Aliyepewa kazi airudie kwa maneno yake, na aliyetoa asikilize kama ndiyo aliyoitoa. Kwa msukuma kazi inaonekana kupoteza muda, kwa mtulivu inaonekana kutoaminiwa, na wote wawili huizoea ikifanywa na kila mtu bila kubagua.

Usafiri wa anga ulijifunza hayo kwa damu. Machi 27, 1977, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, wakafa watu 583. Mhandisi wa ndege iliyokuwa inaruka alikuwa ameuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lake, alimjibu kwa uhakika, na hakuna aliyeuliza tena. Baada ya hapo marubani wakaanza kufundishwa jinsi ya kupokea swali la mdogo na jinsi ya mdogo kulirudia swali lake kwa nguvu. Waliokuwa kwenye chumba cha marubani hawakutofautiana kwa hulka tu, walitofautiana kwa cheo, na cheo huizidi hulka nguvu karibu kila mara. Askari mpya anayemwambia "afande" mkuu wake wa doria hatasema kwamba njia imepotea mpaka apewe ruhusa ya wazi, hata angekuwa mchangamfu kiasi gani nyumbani kwao Natta.

Kusahihisha makosa ndiko kunakoumiza zaidi, na ndiko tofauti za hulka zinakofaa kutumiwa. Msukuma kazi aambiwe kosa moja kwa moja na aachwe alirekebishe mwenyewe. Mchunguzi apewe mfano na tarehe, maana lawama ya jumla kwake ni uonevu. Mchangamfu akisahihishwa kwa barua bila kuzungumza naye atahisi ametengwa. Mtulivu asisahihishwe kamwe mbele ya wenzake. Aitwe pembeni, na baada ya wiki aulizwe anaendeleaje, kwa kuwa siku ya kwanza atasema "sawa" na haitakuwa sawa.

Grupu la WhatsApp, ambalo sasa ndilo ofisi halisi ya halmashauri nyingi, linahitaji tahadhari yake. Mkuu anaandika, "Taarifa zote kabla ya saa nane." Zinafuata "nimepokea mkuu" kumi na mbili, na kati ya hizo huenda watatu hawajui ni taarifa ipi. Maandishi hayana uso wala sauti, kwa hiyo ufupi wa msukuma kazi husomeka kama hasira na urefu wa mchunguzi husomeka kama ubishi. Maagizo yapitie kwenye grupu. Kukosoana kufanyike kwa simu au ana kwa ana.

Katika kupanga watu wawili wawili, kwa doria, kwa gari la watalii au kwa zamu ya usiku wodini, kuchanganya hulka kunasaidia ilimradi wenyewe wajue wamechanganywa kwa nini. Wachunguzi wawili watafika salama na wamechelewa. Wasukuma kazi wawili watafika mapema, na taarifa yao itakuwa mistari miwili.

Yote haya ni ya kusemeshana. Hayafai kuamulia nani aajiriwe, nani apandishwe cheo au nani ahamishwe, na wachapishaji wa kipimo cha Myers-Briggs wenyewe wanakataza kisitumiwe kuchagua waajiriwa. Tarime na Serengeti hatari ni kubwa zaidi kwa kuwa "hulka" ni kificho chepesi cha kabila na ukoo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinapiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya kabila na mahali mtu anapotoka, na mwajiri aliyemnyima mtu kazi ya mapokezi kwa kuwa "watu wa Tarime ni wakali" amekivunja, hata kama kwenye fomu ameandika msukuma kazi.